Kitabu Mikononi mwa Rafiki

Mwaka 1856, katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, mwanachuoni mmoja wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 30, Edward Cowell, alikuta miongoni mwa hati za mashariki nuskha ndogo iliyoandikwa Shiraz karibu miaka mia nne kabla yake, yenye mashairi 158 ya mishororo minne minne, yaani rubai, yaliyonasibishwa na Omar Khayyam wa Nishapur. Na kwa kuwa alikuwa yumo katika matengenezo ya safari ya kwenda Calcutta kufundisha, safari ambayo siku zile ilikuwa ya miezi na iliyowafanya watu waagane kwa machozi, aliyanakili mashairi yale, akamwachia rafiki yake Edward FitzGerald. FitzGerald alimzidi Cowell kwa miaka 17, ila katika Kiajemi alikuwa mwanafunzi wake, wala hakuona haya kufundishwa na mtu mdogo kwake. Mwaka uliofuata, kutoka Bara Hindi, ilimfikia nakala ya pili ya rubai, iliyotokana na nuskha nyingine iliyohifadhiwa huko Calcutta. Marafiki hao walikuwa kila mmoja upande wake wa dunia, na kilichowaunganisha ni sauti ya mtu aliyekwisha kufa zaidi ya miaka mia saba.

Watu wakizungumza juu ya kukutana kwa tamaduni hupenda kutaja mambo makubwa: majeshi, biashara, dini, misafara ya ngamia na majahazi ya msimu. Yote hayo ni kweli, na pwani yetu ni shahidi wake. Lakini ukiifuata njia ya kitabu kimoja tangu kilipotoka hata kilipotufikia, utastaajabu kuona jinsi kilivyopita mara kwa mara mahali pembamba kuliko hapo: mtu mmoja aliyependa alichosoma, na mtu wa pili aliyeaminiwa nacho. Mmoja wao akikosekana, kitabu hakifiki. Ndiyo maana nimependa kuzifuata rubai za Khayyam hatua kwa hatua, kwa sababu safari yao inajulikana vizuri, na kwa sababu safari hiyo imefika nyumbani kwetu, kwa mtu wa Tanga.

Khayyam mwenyewe, aliyezaliwa Nishapur mwaka 1048 na kufariki huko huko mwaka 1131, alijulikana katika zama zake kwa hisabati na falaki kuliko kwa ushairi. Aliandika kitabu cha aljebra chenye sifa, akawa miongoni mwa wataalamu walioitengeneza kalenda ya Jalali, iliyoanza kutumika mwaka 1079 katika enzi ya Sultani Malik Shah, kalenda iliyoifunga siku ya Nauruzi isihame tena majira yake. Hapa msomaji wa pwani ana haki ya kusimama kidogo, kwa kuwa Nauruzi ya Waajemi ndiyo chimbuko la Nairuzi yetu, ile Siku ya Mwaka ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha mpaka leo, na ambayo mababu zetu waliianzia kuhesabu miongo ya kilimo na ya safari za bahari. Mtu aliyekesha akitazama nyota ili sikukuu hiyo ikae mahali pake hakuwa mgeni wetu wa mbali kama tulivyomdhania. Rubai zenye jina lake ziliendelea kuongezeka baada ya kufa kwake, hata wanazuoni hawapatani ni zipi alizozitunga yeye na ni zipi alizovikwa. Jambo hilo haliniudhi, kwa maana hutuonyesha kwamba tangu mwanzo mashairi haya yaliishi kwa kupewana, kila mkono ukiongeza kilichoufurahisha.

FitzGerald alizifasiri baadhi ya rubai hizo kwa Kiingereza, akazipeleka kwa jarida moja la London, likazikalia muda mrefu bila ya kuzichapisha. Hatimaye akazichukua, akazipiga chapa kwa gharama yake mwenyewe mwaka 1859, nakala 250, pasipo kutia jina lake. Muuza vitabu Bernard Quaritch alikiuza kijitabu hicho kwa shilingi moja, wasitokee wanunuzi. Bei ikashuka, ikashuka tena, hata kikaishia katika sanduku la vitabu vya peni moja, mahali ambapo aghalabu vitabu hungojea kusahauliwa. Humo ndimo mwaka 1861 Whitley Stokes, mwanachuoni wa lugha za Kikelti, alimokiona, akanunua nakala zaidi ya moja, akampa moja mshairi na mchoraji Dante Gabriel Rossetti. Rossetti akamshirikisha mshairi mwenziwe Swinburne. Wote wawili wakaenda kununua nyingine ili wawape wenziwao, na kwa masimulizi ya Swinburne, waliporudi kesho yake walikuta bei imekwisha panda hadi peni mbili. Kutoka hapo kijitabu kikamfikia mchoraji Edward Burne-Jones, naye akamwonyesha mwandishi John Ruskin. Ruskin mwaka 1863 aliandika barua ya shukrani kwa mfasiri asiyemjua jina wala makao, akaiacha kwa mke wa Burne-Jones aitunze mpaka mwenyewe atakapojulikana. Barua hiyo ilikaa miaka kumi. Mwaka 1873 ilipita mkononi mwa mwanachuoni Charles Eliot Norton, kisha mkononi mwa mwandishi Thomas Carlyle, ikamfikia FitzGerald akiwa na miaka 64.

Naipenda sana habari ya barua hii. Katika mlolongo wote huo hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa kazi aliyoifanya, wala hakuna aliyeamriwa. Kila mmoja alisoma, akashindwa kunyamaza, akatafuta mtu wa kumwambia. Raha ya kitabu kizuri ina tabia hiyo, kwamba mtu aliye nayo peke yake huiona ina upungufu, na hukosa utulivu mpaka amemwona mwenziwe akifungua ukurasa ule ule, uso wake ukibadilika pale pale ulipobadilika wake. Nimewajua watu wenye choyo cha mali ambao hawakuwa na choyo cha vitabu, wakaazima vitabu vyao kwa watu waliojua kwamba hawatavirudisha, kwa sababu haja yao ya kupata mtu wa kuzungumza naye ilishinda haja yao ya kukiona kitabu sandukuni.

Lakini nitakuwa nimeficha ushahidi nikiishia kwenye uzuri huo. FitzGerald, alipokuwa yumo kazini mwaka 1857, alimwandikia Cowell kwamba huona furaha kujichukulia uhuru autakao juu ya hawa Waajemi, kwa kuwa, kwa fikira zake, si washairi wa kiasi cha kumtia mtu hofu asiwaguse. Katika Kiajemi kila rubai husimama peke yake, imetimia katika mishororo yake minne, na katika nuskha ya Oxford zimepangwa kwa herufi za vina vyake tu. Yeye alizivunja baadhi, akaunganisha nusu ya hii na nusu ya ile, akazipanga zote ziwe shairi moja linaloanza alfajiri na kwisha usiku unapoingia. Matokeo yake ni mazuri, sina uwezo wa kuyakana, na pasipo uzuri huo pengine Stokes angekirudisha kile kijitabu sandukuni akaenda zake. Hata hivyo alikuwa kama mgeni aliyekaribishwa barazani akaanza kuhamisha viti vya mwenyeji, akitoa hoja kwamba mwenyeji hajui kupanga. Mtu aweza kukipenda kitabu cha watu wengine mapenzi ya kweli, akakisambaza duniani kote, na bado asiwape taadhima watu wenyewe waliokizaa. Na kwa hili FitzGerald si wa kwanza wala si wa mwisho, kwani hata sisi tunazo hadithi za makabila jirani tunazozisimulia kwa kicheko, wala hatuwaruhusu wao kuzicheka zetu.

Cowell alikuwa na moyo wa namna nyingine. Alikuwa Mkristo mshika dini, na zile shaka za Khayyam juu ya malipo ya Akhera, na ile mvinyo isiyokauka kikombeni, zilimtia wasiwasi hata katika uzee wake akasema kwamba alijitwika dhima nzito bila ya kujua siku alipomjulisha rafiki yake kwa Omar. Aliendelea kumstahi yule Mwajemi kwa hikima yake, asikubali kumfanya kiongozi wake. Mimi namwona Cowell kuwa msomaji mkubwa kuliko FitzGerald, ingawa dunia imemsahau, kwa sababu aliyachukulia maneno ya Khayyam kuwa maneno ya mtu mzima anayesema analokusudia, mtu ambaye waweza kumpinga. Anayempinga mwandishi kwa dhati amemheshimu zaidi kuliko anayempapasa na kumrekebisha.

Pwani yetu ilikwisha kuijua kazi ya kupokea zamani. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja Unguja na misheni mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alipiga chapa London hadithi alizozisikia Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, na ndani yake imo ile ya kima aliyefanya urafiki na papa, akakubali kuchukuliwa mgongoni kwenda kwao, akaambiwa katikati ya bahari kwamba Sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, naye akaokoka kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Hadithi hiyo imo katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambako mwenye hila ni mamba. Katika karne ya 6 tabibu Burzoe aliipeleka kwa mfalme wa Uajemi, Anushirwani, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, ambako mamba amekuwa kasa. Waliotuletea sisi hawakuandika majina yao. Walitupa, tukaipokea, tukaupanda mkuyu wetu ufukweni na kumwita papa wa bahari yetu, hata mtoto wa Unguja asiweze kuamini kwamba kima yule alipata kukaa katika mti mwingine. La Fontaine, alipotoa fungu la pili la ngano zake Ufaransa mwaka 1678, alimshukuru Pilpay, mwenye hikima wa Kihindi, kwa nyingi alizozichota kwake; nasi hatukumshukuru mtu, kwa kuwa tulikwisha kusahau kwamba tulikopeshwa. Sioni dhambi katika kusahau kwa namna hiyo, maana ni alama ya kupenda kulikokamilika. Ila kuna namna nyingine ya kupokea, ngumu zaidi, ambayo kwayo mgeni huachiwa jina lake na mavazi yake, akakaa nasi pasipo kubadilishwa awe mmoja wetu.

Namna hiyo ndiyo aliyoichagua Shaaban Robert. Mwaka 1952, akiwa karani wa serikali ya kikoloni, mtu aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, miaka mia kamili baada ya FitzGerald kuzaliwa, alitoa tafsiri yake kwa jina lililo wazi, *Omar Khayyam kwa Kiswahili*. Alitafsiri kutoka Kiingereza cha FitzGerald. Wapo watakaosema kwamba alipokea kilichokwisha guswa na mikono ya mtawala, na ni kweli kwamba aliipata rubai ikiwa imepangwa upya kwa namna niliyoieleza. Lakini fikirini jambo alilolifanya. Katika siku ambazo mwanafunzi wa Kiafrika alifundishwa Kiingereza ili aweze kuwasoma Waingereza, yeye aliingia kwa mlango huo huo akaenda kumwamkia Mwajemi, Mwislamu mwenziwe wa karne nyingi, raia wa nchi ambayo masimulizi ya Kilwa na Unguja huitaja kuwa chimbuko la Washirazi, akamleta kwa watu ambao tangu zamani waliutambua ubeti wa mishororo minne kuwa nyumba ya kawaida ya fikira. Alikichukua kitabu kilichopitia kwa bwana bila ya kuchukua dharau iliyokisindikiza njiani, na jambo hilo si jepesi hata leo.

Nadhani najua ni kitu gani kilichomvuta, ingawa siwezi kulithibitisha. Yapata karne mbili zilizopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiutazama mji wa Pate uliokuwa na matajiri na majumba ya fahari, taa zikiwaka na sahani za Kichina zikipangwa katika madaka, kisha akaonyesha popo wakining'inia katika kumbi hizo hizo na makinda ya ndege yakilala katika madaka yaliyokuwa na sahani. Na katika rubai yumo mfalme Jamshid, ambaye ukumbi aliokunywa humo umekuwa makao ya wanyama wa mwitu, na yumo mfalme Bahram, mwindaji mkuu, ambaye mnyama wa porini hupita juu ya kaburi lake asiweze kuamka. Aliyelelewa na Al-Inkishafi, akazikuta beti hizo katika kijitabu cha Kiingereza, hawezi kuzipita kama anayepita barabara ya mji asioujua. Atasimama. Atasema: hapa nimepata kufika.

Naam, na hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza, ingawa wengi wetu hudhani kwamba hapo ndipo linapokwisha. Kwa kuwa tumezoea kusema kwamba tunasoma vitabu vya wengine ili tujue kuwa binadamu wote ni sawa, tukikuta gofu la Jamshid limefanana na gofu la Pate hufunga kitabu tukiwa tumeridhika, kumbe tumemwendea mtu wa mbali kwenda kujiona sisi wenyewe. Sayyid Abdalla, akisimama mbele ya gofu, aliugeukia moyo wake, akauonya, akauelekeza kwenye hofu ya Moto na tumaini la rehema. Khayyam alisimama mbele ya gofu kama hilo, akaomba kikombe. Popo ni wale wale na vumbi ni lile lile, na watu wawili wenye akili timamu, wote wawili wamelelewa na Kurani, wametoka hapo kwa njia zisizokutana. Tukiipita tofauti hiyo upesi tutakuwa hatukumsikia Khayyam hata kidogo. Kufanana kwetu na mtu hutufungulia mlango wake. Heshima tunayompa hupimwa mle ndani, pale anaposema neno ambalo sisi tusingalilisema, nasi tukaketi kumsikiliza mpaka amalize.

Juu ya kikombe hicho yamepita mabishano mengi. Mwaka 1867 Mfaransa Nicolas, aliyekuwa mkalimani katika ubalozi wa nchi yake huko Uajemi, alitoa tafsiri yake akashikilia kwamba mvinyo ya Khayyam ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu, kama wafanyavyo Masufi. FitzGerald akamkatalia katika chapa yake ya pili ya mwaka 1868, akasema mvinyo ni mvinyo. Msomaji wa pwani, aliyepata kuhudhuria dhikri na kuzisikia kasida, hana taabu ya kuielewa hoja ya Nicolas, tena huipenda, kwa kuwa inamwondolea fedheha na kumfanya Khayyam kuwa mtu wa kukaribishwa majlisi. Mimi nimekaa na tafsiri hizo mbili muda mrefu, na ninapoegemea upande wa mvinyo iliyo mvinyo, haiwi kwa kuwa naiona bora. Nachelea tu kwamba nikimpa Khayyam maana inayonistarehesha mimi, nitakuwa nimefanya yale niliyomlaumu FitzGerald kwayo, nikahamisha viti kwa nia njema. Kama alikuwa na shaka, na aachiwe shaka zake. Dini yangu haitapungua kwa kuwa nimemsikia mtu wa karne ya 11 akiuliza maswali usiku.

Tukirudi kwenye vitabu vinavyopeanwa, katika misikiti yetu, mathalan Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh, naye mzaliwa wa Ngazija, vimehifadhiwa vitabu vyenye maandishi ya wakfu: mwenye kitabu amekitoa, kisiuzwe wala kisirithiwe, kikae kwa atakayetaka kusoma. Napenda kuwaza kwamba kuna wakfu usioandikwa ambao kila msomaji aweza kuufanya na kitabu akipendacho, na ambao Stokes aliufanya kwa peni chache. Sharti lake ni kumpa mtu unayemjua, ukimweleza kwa nini umempa yeye, kisha kumwachia nafasi ya kukichukia; kwa sababu anayempa rafiki kitabu na kumtaka akipende amempa amri, na katika tamaduni za watu hakuna kinachokauka upesi kuliko mapenzi ya kuamriwa.

Na deni letu halijalipwa lote. Al-Inkishafi ilitiwa katika Kiingereza na William Hichens, ikachapwa London mwaka 1939, kwa hiyo wapo wasomaji wa mbali waliokwisha kuyaona madaka ya Pate. Natamani afikiwe nayo pia msomaji wa Nishapur kwa Kiajemi chake, aliyelelewa na Jamshid na Bahram, ashtuke kama ninavyodhani Shaaban Robert alishtuka, kisha abishane na Sayyid Abdalla kama sisi tunavyobishana na Khayyam. Mpaka siku hiyo, kijana anijiaye kuniuliza aanze kusoma nini humpa vyote viwili kwa pamoja, Al-Inkishafi na rubai za Shaaban Robert, nikamwambia avisome kimoja baada ya kingine bila ya kuvisuluhisha, na akimaliza arudi aniambie, mbele ya lile gofu, yeye angalikwenda njia ipi, na yule mwingine angalimwambia nini cha kumzuia.